Juma la Pili Nilikaa Nyumbani

Feza, mutoto wangu, mama yangu,

Ninakuita mama kwa sababu unabeba jina la mama yangu, na mtu hamgombezi mama yake. Basi na weye leo usinigombeze mbio. Soma kwanza mpaka mwisho, halafu ugombe.

Umevuka mto kwenda Alunguli kumuaga shangazi yako. Jua bado liko juu, na mimi nimekaa hapa barazani na kalamu yangu ya hospitali. Mambo ya kuchemsha maji, ya chandarua, ya kumkataza mwenye pikipiki asikimbize kwenye matope ya njia ya Punia, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na kesho atayasema tena. Siyarudii. Mimi nina neno moja tu, na tangu asubuhi ninalizunguka kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Haya. Ile ripoti unayoibeba kesho kwenda Kisangani ina uongo ndani yake, na uongo huo ni wangu.

Usiitupe barua. Ngoja nikueleze ulikotoka, maana haukuanza na weye wala na zile bangili zako za kupimia. Ulianza zamani, wakati wa vita, weye ukiwa hujazaliwa.

Mji ulikuwa umefungwa. Treni haiji, chumvi inapimwa kwa kijiko, na mwenye shamba haendi shambani, kwa sababu akipita nyumba ya mwisho anakutana na bunduki, na akigeuka anakutana na nyingine. Hospitalini tulibaki watu wawili wa kunyoosha viungo, mimi na mwenzangu Salumu. Chumba kimoja, mkeka mmoja. Wagonjwa wa kiharusi walikuwa wengi kuliko nafasi, ndiyo daktari akatunga orodha: walio kwenye orodha wanafanya mazoezi kila siku, wengine wanangoja mtu apone awaachie nafasi.

Ili kujua nani amepona, tulikuwa na desturi. Kila mgonjwa alipimwa na sisi wawili siku ileile, mmoja ndani, mwingine nje, kila mtu na karatasi yake. Inua mkono. Shika kikombe. Kunja ngumi, fungua. Alama ni kuanzia sifuri mpaka tano. Halafu daktari anaweka karatasi zote mbili juu ya meza. Zikikubaliana, anaandika kwenye daftari kubwa. Zikikosana, anatutazama juu ya miwani yake na kusema, "Mumoja wenu anapima mugonjwa. Mwingine anapima roho yake."

Mara nyingi mwingine huyo alikuwa mimi.

Salumu, Mungu amlinde huko aliko, alikuwa na mikono iliyotulia. Anashika bega la mtu kidogo tu, ananyamaza, anaandika, na alichoandika leo ukimrudisha kesho anaandika hichohicho. Wagonjwa walimpenda. Wanafika mlangoni, wananiona mimi, wanauliza, "Muganga Salumu iko wapi?" Siku moja nilimjibu mama mmoja, "Amekufa," na Salumu yuko nyuma ya mlango anafunga viatu. Cheka, mama, cheka. Lakini mimi sikuwa ninacheka. Nilimuonea wivu mpaka uji ulikuwa hauniteremki.

Basi kulikuwa na Mzee Yuma, fundi cherehani, ambaye kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Alikuwa mgonjwa wangu. Nikasema moyoni, huyu atapona mikononi mwangu, na Salumu ataona. Nikajua siku ya kupimwa. Siku tatu kabla, sikumfanyisha mazoezi mengine yoyote. Nilimpa kikombe. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kilekile cha bati, mpaka mkono ukakizoea kikombe kile kama mtoto anavyokariri jibu bila kujua hesabu. Siku ilipofika akakiinua, akanywa. Nikaandika nne.

Salumu akaandika mbili. "Anajua kikombe," akamwambia daktari. "Mukasi hajui."

Daktari akamwita Yuma mwenyewe, akampa nini? Kikombe kilekile. Yuma akanywa mpaka chini, akatabasamu. Nne ikaingia kwenye daftari kubwa, jina lake likafutwa kwenye orodha, nafasi akapewa mwingine. Siku ile nilitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Baada ya mwezi na kitu alirudi, mkono ameufunga kwa kitambaa. Akakifungua mbele yangu. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, kucha zimeshaanza kuchimba nyama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Muganga, weye uliandika nimepona. Sasa uambie mukono."

Cherehani aliuza. Mimi sikumwambia daktari kitu, wala Salumu hakusema kitu, na vita vilipokwisha Salumu akaondoka zake. Nikabaki mimi njo muganga mkubwa wa viungo hapa Kindu, maana wa kulinganishwa nami hakuwapo tena. Miaka yote hiyo nimepima peke yangu, karatasi moja, na sijawahi kukosana na mtu.

Sasa tuje kwa mama yako.

Kiharusi kilipomshika mwaka juzi, mkono wake wa kushoto ukaanguka, nilisema asante Mungu angalau mume wake ni muganga. Ee! Asante gani. Unakumbuka daftari la kijani? Ndani yake iko mama yako mzima: kuinua bega, mbili, vidole, moja, kikombe, sifuri. Siku za mwanzo alijaribu kuniletea chai kwa mkono ule. Kikombe kikamponyoka, kikavunjika hapa barazani, chai ikamwagikia miguu yake. Mimi nilifanya nini? Nilikwenda ndani kuchukua daftari. Niliandika kwanza, ndipo nikarudi kuokota vipande. Wakati ule niliona ni kazi nzuri. Nilijisifu kwamba mimi sichanganyi mapenzi na kipimo.

Baada ya hapo daftari likaanza kukwama. Mbili, mbili, mbili. Nikawaambia watu mkono wa Mama Feza umefika mwisho wake, na walikubali, nani angebisha?

Ndipo ukaja weye na kisanduku chako. Bangili mbili nyeusi, nyepesi kama ganda la karanga, weye unaziita kwa Kifaransa kapteri. Moja mkono mzima, moja mkono mgonjwa, mchana kutwa, na kila mkono ukitikisika zinahesabu. Ukanieleza pole pole kama unamweleza mtoto wa shule ya msingi: mwalimu wako wa Kisangani anataka kujua kama bangili zinaaminika. Mama yako anavaa juma moja, anapumzika siku chache, anavaa juma lingine, maisha yake yaleyale. Hesabu za majuma mawili zikikaribiana, bangili ni za kweli, utaingia kwenye kazi yao ya utafiti huko miaka mitatu, na bangili zitaletwa hapa kwa wagonjwa wote. Zikiachana, basi, nafasi ni moja na mwanafunzi mwingine anaisubiri. Na weye mwenyewe usikae karibu na mama yako majuma hayo, usije ukamtia moyo ukaharibu kipimo. Ndiyo sababu ulihamia kwa shangazi.

Nilikusikiliza, nikaitika ndiyo, ndiyo. Ndani yangu, Feza, niliungua. Ninakuandikia wazi. Nilikuonea wivu weye, damu yangu. Na mimi niliwahi kupewa barua ya kwenda kusoma Kinshasa, vita vikafunga njia, barua ikaliwa na mende. Na weye unaenda. Na kile kidude kisichojua hata jina la mama yako kinaulizwa habari za mkono wake, na mimi niliyelala pembeni ya mkono huo miaka yote siulizwi!

Juma la kwanza likaisha Jumapili. Unakumbuka nilivyompandisha pikipiki kwenda kanisani? Bangili ikahesabu kila shimo la barabara, ikaandika kwamba mkono mgonjwa umefanya kazi kama wa mtwanga sombe. Loo, nilicheka! Nilikupigia makofi kabisa, "Njo mashine yako hiyo!" Weye hukununa. Ukaniuliza tulipanda saa ngapi, tukashuka saa ngapi, ukaandika, ukaiondoa saa ile kwenye hesabu, na pembeni ukaeleza kwa nini. Kosa la mashine yako uliliandika bila haya. Nilikuona, nikaona aibu, nikaificha kwa kuendelea kucheka.

Halafu ukanionyesha ule mchoro kwenye kompyuta, siku kwa siku, saa kwa saa. Ulifurahi sana. "Papa, angalia, mukono unafanya kazi kuliko tulivyofikiri!" Nikaangalia. Asubuhi kamstari kako chini. Saa moja na kitu kanaanza kupanda. Mchana kako juu, kanacheza. Saa kumi jioni, pu! Chini. Karibu kila siku hivyohivyo. Ukasema, "Jioni anachoka." Nikasema ndiyo, anachoka.

Mama yangu, saa moja na kitu mimi ninatoka kwenda kazini. Saa kumi ninarudi.

Weye hukuiona, au uliiona ukanistahi. Mimi niliiona palepale. Jumanne yake nilitoka asubuhi kama kawaida, saa nne nikarudi kwa njia ya nyuma, mimi mzima na mvi zangu, nikasimama kwenye ua wa majirani kama mwizi. Mama yako alikuwa amekaa na Mama Zaina, jirani yetu, wanachambua majani ya muhogo ya sombe. Mkono wa kushoto, ule wangu wa mbili, ulikuwa umeshika kijiti cha sombe, na wa kulia unavuta majani. Kijiti kikianguka, unakiokota. Unakiokota, Feza! Kwa vidole! Na wanacheka, sijui wanamcheka nani.

Ningemkuta na mwanamume nisingeumia vile. Mwanamume ningempiga. Sasa nitapiga nini, sombe?

Nikakohoa. Mkono ukashuka polepole kwenye paja, ukalala pale, mkono wa daftari langu.

Hapo ningeweza kuwa mtu mzima. Ningekaa chini niwaombe kijiti nami nichambue. Badala yake nilisema moyoni, sawa, tutaona nani anaaminika. Ulipomvalisha bangili kwa juma la pili, ukavuka kwenda kwa shangazi, mimi kesho yake nilikwenda kazini nikaomba konje, ruhusa ya ugonjwa, nikasema mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa na kitu. Nikaleta kiti hapa barazani, siku zote hizo, asubuhi mpaka jioni, mbele ya mama yako. Sikugusa bangili, sikumgusa yeye, sikumkataza neno. Nilikaa tu. Na mchoro ukalala chini kama nilivyotaka.

Jumapili ulikuja, ukafungua kompyuta, nikakuona uso unabadilika. Ulizivua bangili, ukazijaribu mkononi mwako, ukazizima, ukaziwasha. Ukatuuliza sisi wote wawili, "Papa, mama, juma hili kulibadilika kitu hapa nyumbani?"

Nikasema, "Hakuna."

Mama yako alinitazama. Weye ukainamisha kichwa ukaandika kwamba bangili haziaminiki. Nilikusikia unalia bafuni. Na mimi, baba yako, unajua nilisikia nini? Nilisikia raha. Ilikuwa raha ndogo, haikufika hata jioni, lakini nisipokuambia kwamba ilikuwepo, basi hata barua hii itakuwa uongo mwingine.

Nilidhani nitanyamaza mpaka upande pikipiki. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Ninawaambia wagonjwa kila siku, mwenyewe sisikii. Leo ulipotoka tu, mama yako akaja hapa, akasimama mbele yangu, akasema, "Baba Feza, mutoto anaenda na uongo yako ndani ya mufuko."

Nikamuuliza, na sikuuliza kwa upole, ni kwa nini mkono wake unafanya kazi kwa Mama Zaina na kwa mimi haufanyi. Miaka miwili nimeukanda kwa mafuta ya mawese, nimeunyoosha asubuhi na jioni. Kwa nini?

Akafikiri. Unamjua mama yako, hasemi ovyo. Akasema, "Weye ukiniangalia, mukono inakuwa ya hospitali. Ukitoka, inakuwa yangu."

Halafu akaongeza, "Siku ile ya kikombe niliunguaga mugulu. Hukuniuliza."

Sikuwahi kumuuliza. Nimeangalia leo. Lipo kovu juu ya kifundo cha mguu, dogo, la miaka miwili. Sikuliona kwa sababu nilikuwa ninapima mkono.

Basi sikiliza, hapa njo nilipotaka kufika. Bangili zako hazikukosea. Juma la kwanza zilipima mkono wa mama yako, na juma la pili zilipima mkono wa mama yako mimi nikiwa mbele yake. Mikono hiyo ni miwili tofauti. Daftari langu nalo halikudanganya. Lilijua mmoja tu kati yake. Huko mtakapopima watu, andikeni saa, kama mnavyoandika, lakini pembeni andikeni pia nani alikuwa nyumbani. Bangili haiwezi kujua kwamba mume amerudi. Hilo mwalimu wako sidhani analo. Ni langu, limenigharimu, na ninakupa. Sema umelitoa kwa mtu wa kunyoosha viungo wa Kindu. Ona, hata hapa ninataka sifa! Sitapona upesi.

Ile ripoti ifute pale uliposema haziaminiki. Andika kwamba juma la pili mume wa mgonjwa alichukua konje akakaa nyumbani makusudi, na alipoulizwa alikataa. Usiandike "hali ilibadilika kidogo" kwa kunistahi. Mzee Yuma nilimstahi hivyohivyo kwa kumpa nne. Pengine mwalimu atasema juma liliharibika, umekosa nafasi. Pengine atakupa juma la tatu. Sijui, na kutokujua huko kunaniuma, kwa sababu kama ukikosa, mkono uliokukosesha ni huu unaoandika. Nimeweka ndani ya barua hii karatasi ya konje yenye tarehe na saini, umuonyeshe asidhani unamsingizia baba yako.

Usidhani wivu umekwisha. Hata sasa ninaandika nikisikia mama yako na Mama Zaina wanatwanga huko nyuma, na ninatamani kunyanyuka niende nikachungulie. Ninajizuia. Ninajua nikitokeza kichwa tu pale kwenye kona, mkono utashuka.

Kuna jambo ambalo mama yako anataka kwako kesho. Alimwambia Mama Zaina, hakuniambia mimi, nimelisikia kupitia ukuta. Alisema tangu kiharusi hajakukumbatia vizuri, kila ukija au ukiondoka anakushika kwa mkono mmoja tu kama mtu anayebeba mzigo mwingine. Nikahesabu. Kila ulipokuja na ulipoondoka, nilikuwa nimesimama pembeni yenu.

Kwa hiyo kesho asubuhi ukiamka usiniulize. Nitakuwa nimetoka kabla ya alfajiri, nitakuwa hospitalini, na pale mtoni utakapovukia sitafika. Roho yangu itataka kuja, ninaijua, lakini nitamuachia mlinzi wa hospitali baiskeli yangu na ufunguo wake, nitamwambia asinipe mpaka saa tano. Barua hii utaipata juu ya mzigo wako. Mimi njo nitakuwa nimekosa kukuaga, pengine kwa miaka mitatu mizima, na ninamuonea mama yako wivu tayari.

Usiharakishe kutoka. Mwenye pikipiki angoje. Simama mlangoni, kaa kimya, muache akushike kwa mikono yote miwili, muda wote anaotaka, na usimwambie mtu ulikuwa muda gani.

Baba yako,
Asani